Barua kwa mwanangu: aliyeshika kamba

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata. Poleni sana, wewe na wenzako wote. Umeniuliza jambo moja tu: yule kijana aliyekuwa ameshika kamba siku mwenzenu alipoanguka mkipanda mwamba, azungumze Jumamosi kwa niaba ya marafiki kama kamati ya mazishi inavyopendekeza, au abaki Nairobi kama anavyotaka shangazi wa marehemu? Programu inapelekwa kuchapwa Jumatano, na unataka jibu kabla ya hapo.

Nitakujibu. Lakini kwanza niambie, kamba ile ina urefu gani?

Usinikasirikie. Najua mko matangani, hamko darasani. Ila katika ujumbe mrefu vile umeandika mistari mitatu tu kuhusu kamba, na katika mistari hiyo mitatu kuna urefu wa aina tatu. Mmoja anasema ni ya mita 70. Mwingine anasema ni ya 60. Wa tatu anasema ilikuwa ya 70 lakini ncha zilichakaa zikakatwa, na hakuna aliyepima kilichobaki. Halafu watu haohao wanakutana kila jioni kuchangisha, na wakitoka nje wananong'onezana nani amemuua nani.

Umesema nanga za juu, vile vyuma vilivyokazwa mwambani, ziko mita 34 kutoka chini, na hilo hakuna anayelibishia. Basi tupige hesabu. Mtu akifika juu na kuteremshwa, kamba inatoka kwa mshika kamba aliye chini, inapanda hadi kwenye pete za nanga, inarudi chini hadi kiunoni kwa mpandaji. Fundo la nane, lile lenye umbo la 8, pale kiunoni linakula karibu mita moja. Kifaa cha mshika kamba, kile kinachobana kamba, kiko kama mita moja juu ya ardhi, kwa hivyo upande wake unachukua 33. Kamba ya 70, kama kweli ni 70, inamfikisha mtu chini na kubakisha mita mbili. Mbili tu! Mshika kamba akirudi nyuma hatua chache ili aone juu vizuri, ameshazila. Sasa chukua ya 60. Toa moja ya fundo, toa 33, zinabaki 26. Ncha inapopita kwenye kifaa, mtu bado ananing'inia mita nane hewani. Hapo ni dirisha la ghorofa ya pili, na chini pale kuna mawe matupu. Kofia ngumu imeundwa hasa kwa ajili ya jiwe linalotoka juu. Mtu anayeanguka chali kutoka kimo hicho, kofia haina ahadi naye.

Watu wa nje wakisikia mpandaji ameanguka hudhani kamba imekatika. Kamba nzima ya kupandia haikatwi na uzito wa mtu anayeteremshwa polepole. Ikikatika, tafuta ukingo mkali wa jiwe, au mtu aliyeiweka kwenye buti la gari ambako asidi ya betri ilimwagika. Hii yenu haikukatika. Iliisha.

Na kuhusu kukata ncha. Ni jambo zuri, na lazima, kwa sababu ncha ndizo zinazofungwa na kuvutwa kila siku, ndizo huanza kulegea ngozi. Lakini ukikata mita tano upande mmoja, alama ya katikati inabaki palepale ilipochorwa, ilhali katikati yenyewe imehama mita mbili na nusu. Mshika kamba mwangalifu hutegemea alama hiyo: ikipita kwenye kifaa chake kabla mwenzake hajafika juu, anajua hawezi kumteremsha hadi chini, anapaza sauti. Alama ikidanganya, uangalifu wake wote ni bure. Tena kamba ikilowa ikakauka mara kadhaa hujikunja ikapungua kidogo hata bila kisu. Ndiyo maana kamba hupimwa upya, na urefu mpya huandikwa kwenye utepe nchani na kwenye daftari la vifaa. Aliyeikata hiyo yenu bila kuandika… basi, nimenyamaza.

Ninalosema ni lilelile unalolijua tangu hujaanza sekondari: kamba isiyo na fundo mwishoni bado haijafungwa. Fundo la kuzuia, lizungushwe mara mbili, likazwe kwa mkono, liachiwe mkia wa kama sentimita 30. Au bora zaidi, mshika kamba ajifunge ncha hiyo kwenye hanesi yake mwenyewe, ile mikanda ya kiunoni na mapajani. Hapo hata kamba ikiwa fupi kwa mita kumi, hata alama ikidanganya, ncha itagota kwenye kifaa na mtu atabaki ananing'inia akiwatukana wote, na jioni mtalicheka jambo hilo kwenye nyama choma. Fundo halihitaji kujua urefu wa kamba. Ndiyo sababu nalipenda.

Mjomba wako atasema nimesahau Nelion, kilele cha pili cha Mlima Kenya. Sijasahau. Unaposhuka Nelion kwa kamba mbili katika upepo wa alasiri, ncha zenye mafundo hupeperushwa pembeni zikanasa kwenye nyufa, na ukisahau kufungua fundo kabla ya kuvuta kamba, imekwama juu na wewe umekwama chini. Ni kweli, na hapo mpandaji mzoefu hupima mwenyewe, pengine ashuke na ncha zikiwa zimekunjwa pembeni mwake badala ya kuzitupa. Lakini hiyo ni Nelion, mita 5,188, giza linaingia. Yenu ilikuwa njia fupi ya kupandia, ya kamba moja, asubuhi, jua linawaka, mwendo wa saa moja kutoka mjini. Kwenye njia kama hiyo hakuna hoja dhidi ya fundo. Kamba isiyo na fundo mwishoni bado haijafungwa.

Sasa nafika pagumu. Mila inasema marehemu hasemwi vibaya, nami simsemi. Lakini kukaguana kabla ya kuondoka ardhini ni kwa watu wawili. Hanesi imebanwa? Fundo la nane ni kamili? Kamba imepita kwenye kifaa upande sahihi? Karabina, ile pingu ya chuma ya kuunganishia, imefungwa kufuli? Na ncha ya mwisho iko wapi? Hili la tano ndilo husahaulika, kwa kuwa mengine manne yako mbele ya macho, kiunoni, na ncha imelala chini ndani ya mfuko. Mpandaji anamkagua mshika kamba na mshika kamba anamkagua mpandaji. Kwa hiyo anayesema "yule aliyeshika kamba" kana kwamba pale palikuwa na mtu mmoja, hajui alisemalo. Ona, karibu nitoe hukumu, na kamba yenyewe sijaiona.

Unakumbuka babu yako alivyokuwa hamwachi mtu ataje Batian, kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya, bila kusimulia Septemba 1970. Madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walifika kileleni, mita 5,199. Wakiwa ndio wameanza kushuka, jiwe kubwa likang'oka, Judmaier akaenda nalo. Oelz alikuwa upande wa pili wa kamba. Ilimchoma viganja ikienda, lakini aliizuia. Judmaier akabaki na mguu uliovunjika, mfupa nje, karibu na kilele, na Oelz ikambidi amwache ashuke kutafuta watu. Watu wa kujitolea wakapanda kutoka Nairobi, mizigo ikabebwa juu, siku zikapita. Iliendelea zaidi ya wiki, hadi kikosi kikaletwa kwa ndege kutoka Austria, na Judmaier akashushwa akiwa hai.

Lakini babu hakuanza na hao. Alianza na rubani. Jim Hastings, Mmarekani, alikuja na helikopta kusaidia, ikaanguka mlimani, akafa. "Walimshusha aliyeanguka, wakamzika aliyekuja kumsaidia," ndivyo babu alivyokuwa akisema, na kilichomuudhi ni kwamba kila aliyemsikia akisimulia kisa hicho aliimba habari za madaktari wawili na kuwaacha rubani na wapagazi kwenye pumzi ya mwisho. Sasa hivi ukimtajia ataanza tena, na chai itapoa.

Mimi kinachonikera katika kisa hicho ni Oelz. Si yeye mwenyewe, ni jinsi tunavyomwona. Alishika kamba, mwenzake akapona, akawa shujaa; mwaka 1978 akafika kilele cha Everest, na hakuna mahali aliambiwa abaki nyumbani. Kijana wenu pia alishika kamba. Tofauti ni mwisho wake.

Hapana, nijipinge mwenyewe. Si sawa. Oelz alikabili jiwe ambalo hakuna angelizuia, na akafanya kilicho chake. Hiki chenu ni kitu kinachozuilika kwa fundo la nusu dakika. Nikiviweka kwenye mizani moja namwonea shangazi wa marehemu, ambaye amelea mtoto na sasa anaambiwa na vijana wenye kamba za rangi rangi kwamba ajali ni ajali. Mchungaji akisema siku zake zilikuwa zimefika, mwacheni, ni kazi yake na familia inaihitaji. Ila nyinyi wapandaji mkikutana wenyewe, sentensi hiyo isitamkwe. Itafunga midomo ya wote, na mwezi ujao mtu mwingine atateremshwa kwa kamba hiyo hiyo ya urefu wa kukisia.

Fanyeni haya, na yaanze kesho. Mliokuwepo pale mlikuwa watano. Kila mmoja aandike alichoona, peke yake, kabla hamjaketi pamoja tena, maana mkishasimuliana mara tatu mtakumbuka kitu kimoja na kitakuwa si cha yeyote. Aandike alisimama wapi, alisikia maneno gani, nani alisema "nishushe" na nani alijibu nini. Kamba, hanesi na kifaa viko kituoni kwa polisi. Msivichukue, msivioshe, msifungue fundo la kiunoni. Muombeni afisa anayechunguza awaruhusu kuipima kamba mbele yake, na mwandike nambari ya OB, daftari la matukio la polisi, kwenye karatasi yenu. Itandazwe chini bila kuvutwa, kwa futi ya mita 50. Kisha mpige picha ncha zote mbili. Ncha ya kiwandani huwa na utepe uliochapwa urefu na unene. Ncha iliyokatwa na mtu haina utepe huo, imeyeyushwa kwa kisu cha moto au kiberiti, na utaiona ilivyo ngumu na nyeusi. Kwa ncha hizo mbili mtajua nani kati ya wale watatu anasema kweli. Picha zisiingie kwenye kundi la WhatsApp la michango. Wazazi wamo mle.

Na pale chini ya njia, andikeni "mita 34" mahali mtu hawezi kukosa kuona.

(Ile kamba ya kijani iliyo stoo kwetu usije kuichukua hata mkikosa nyingine. Imepita miaka kumi, na nailoni huchakaa hata ikiwa imelala. Mjomba wako anaikata vipande vya kufungia mzigo.)

Haya, swali lako. Ungeniuliza anahitaji nini, ningekuambia asiachwe alale peke yake wiki hii, na asipewe maikrofoni kwa sababu tu kamati imeona itapendeza. Anayezungumza kwa niaba ya marafiki Jumamosi atasoma dakika tatu, na watu mia nne hawatasikia neno. Watakuwa wanaangalia mikono yake. Hiyo si heshima, hata kama mmekusudia heshima. Lakini kuambiwa abaki Nairobi pia ni hukumu, na imetolewa kabla kamba haijapimwa.

Aje? Asije? Ninalo jibu, na linaniwasha ulimi, lakini si langu kulitoa. Ni la wazazi wa marehemu, na hawajaulizwa. Ameulizwa shangazi, kwa simu, na mtu ambaye hamjui. Nendeni wawili Jumanne jioni, mmoja awe mtu mzima, mkakae chini na baba na mama wenyewe. Msimtetee kijana na msimshtaki. Wasomeeni mlichoandika, waambieni hesabu ya mita kama mlivyoipata, hata sehemu inayomgusa marehemu, kwa upole. Halafu waulizeni wao. Wakisema asije, hatakuja, na mmoja wenu atabaki naye. Wakisema aje, jina lake lisiwe kwenye programu.

Basi la msafara likiondoka Ijumaa usiku nitakuwepo. Shangazi yako atakaa na babu. Kama kijana yumo, niwekeeni kiti kando yake. Kama hayumo, popote tu.

Mama yako