Hesabu ya Dalali na Hesabu Yako

Barua tatu za mwezi huu zinahusu nyumba za kupangisha jijini Nairobi. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu, kwa sababu kosa lililomo ndani yake ndilo linalowapata wanunuzi wengi wapya kabla hata hawajakabidhiwa funguo.

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye ajira ya kudumu. Nina akiba ya shilingi milioni 2.1, na sacco yangu iko tayari kunikopesha milioni 2.8 kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, kwa salio linalopungua, nilipe kwa miaka mitano. Nimeonyeshwa nyumba ya chumba kimoja cha kulala upande wa Roysambu kwa milioni 4.6. Dalali anasema itapangishwa kwa 28,000 kwa mwezi na kwamba itajilipia yenyewe. Je, ninunue? – Muuguzi, Kahawa West

JIBU: Dada, hesabu ya dalali ni fupi: 28,000 mara 12 ni 336,000 kwa mwaka. Hesabu hiyo inachukulia kwamba nyumba haitakaa tupu hata siku moja, kwamba mpangaji hatachelewa kulipa Januari karo za shule zinapombana, na kwamba sinki, kufuli na rangi ya ukuta hutolewa bure. Mimi huanza kwa kuondoa kodi ya mwezi mmoja mzima, kwa kuwa kati ya mpangaji anayehama na yule anayehamia kuna siku za kupaka rangi, za kuonyesha nyumba na za kungoja mwisho wa mwezi, wakati ambapo watu wa Nairobi huhama. Zinabaki 308,000.

Kabla ya kuendelea, tutenganishe maneno mawili, maana katika mazungumzo yetu ya kila siku mwenye nyumba anadai kodi na serikali nayo inadai kodi. Hapa kodi ni ya mpangaji. Ile ya serikali nitaiita ushuru.

Mkazi wa Kenya anayepata kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka kutokana na nyumba za watu kuishi hutozwa ushuru wa asilimia 7.5 ya kodi yote iliyoingia, bila kuondoa gharama yoyote. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 10 hadi mwisho wa 2023. Hulipwa kupitia iTax, mfumo wa mtandaoni wa mamlaka ya mapato (KRA), kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata, na kwako ni 23,100 kwa mwaka. Ongeza ada ya huduma ya jengo, yaani mlinzi, taa za ngazi, taka na pampu ya maji. Tukiikadiria kuwa 3,500 kwa mwezi, ni 42,000 kwa mwaka. Wakala wa kukusanya kodi akichukua asilimia 8, ni 24,640. Tenga 20,000 za ukarabati, ingawa kuna mwaka ambao hazitatosha. Zinabaki 198,260, yaani kama 16,500 kwa mwezi, na hizo ndizo zako.

Sasa tazama upande wa pili. Milioni 2.8 kwa masharti uliyoyataja zitakudai karibu 62,300 kila mwezi kwa miezi 60. Nyumba italeta 16,500. Zile 45,800 zitakazopungua zitatoka kwenye mshahara wako, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka mitano. Isitoshe, bei ya milioni 4.6 si gharama yote. Mjini, ushuru wa stempu, ule wa kuhamisha umiliki, ni asilimia 4 ya thamani, yaani 184,000, na wakili pamoja na shughuli ndogondogo nimewakadiria 80,000 tu. Jumla inafika 4,864,000. Ukiondoa mkopo, akiba yako inabaki na 36,000, ambazo hazitoshi hata rejesho la mwezi mmoja.

Sikukatazi. Kuna watu ambao bila deni la namna hii pesa zao zingeyeyuka, na wewe una mshahara wa uhakika. Lakini ningekushauri ungoje hadi uwe na akiba ya marejesho ya miezi minne, ama uiombe sacco muda mrefu zaidi hata kama riba ya jumla itapanda, ama upiganie bei. Muuzaji akikataa kushuka, mwachie nyumba yake, kwani upande huo majengo mapya hayajakoma kupanda na mabango ya nyumba za kupangisha yananing'inia kwenye roshani nyingi.

Kuna jambo moja la ushuru ambalo wanunuzi wenye mikopo hulipita bila kuliona. Mwenye nyumba anaweza kumwandikia Kamishna wa KRA akachagua kubaki katika utaratibu wa kawaida wa mwaka, ambapo gharama na riba ya mkopo uliotumika kununua nyumba huondolewa kwanza. Riba yako ya mwaka wa kwanza itakaribia 312,000, kiasi kinachozidi kodi yote utakayokusanya, kwa hiyo kodi hiyo haitakuwa na faida ya kutozwa ushuru. Riba ikishapungua hali hugeuka, kwa sababu faida itajumlishwa na mshahara wako na kutozwa viwango vya juu. Kaa na mhasibu kwa saa moja, ukiwa na barua ya sacco inayoonyesha mkopo ulikuwa wa nini.

Kuhusu jengo lenyewe, usiende tu Jumamosi saa nne asubuhi ukiwa na dalali. Nenda Jumanne saa mbili usiku, usimame ng'ambo ya barabara uhesabu madirisha yenye taa. Kisha panda hadi orofa ya juu ufungue mfereji. Nasema hivi kwa sababu nyumba yangu ya kwanza niliinunua bila kuufungua. Siku niliyoikagua, tangi lilikuwa limejazwa na boza asubuhi ile. Nilipokabidhiwa funguo ndipo mlinzi alipoiondoa simu sikioni akaniambia, kama mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba maji ya jiji huja Alhamisi. Mpangaji wangu wa kwanza alivumilia miezi mitatu akiyapandisha madumu ngazini, halafu akahama, na sikuweza kumlaumu.

SWALI: Nina bedsita nane nilizozijenga Kayole. Mpangaji mmoja hajalipa kwa miezi miwili na simu yangu haishiki. Msimamizi wa ploti ananishauri nimfungie kwa kufuli langu au ning'oe mlango. Je, sheria inaniruhusu? – Mzee wa Kayole

JIBU: Mzee wangu, haikuruhusu. Kung'oa mlango, kukata maji au kuweka kufuli bila amri ya mahakama kunaweza kumfanya mdaiwa awe mdai, nawe ukajikuta ukimlipa fidia mtu aliyekuwa na deni lako. Njia ya kumtoa ni notisi ya maandishi. Kwa upangaji wa mwezi kwa mwezi, iwe isiyopungua mwezi mmoja. Akikataa kutoka, nenda mahakamani. Baraza la kodi lililoundwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Kodi husikiliza kesi za nyumba ambazo kodi yake haizidi 2,500 kwa mwezi, kiwango cha zamani ambacho bedsita nyingi za leo zimeshakipita.

Ipo pia Sheria ya Kukamata Mali kwa ajili ya Kodi, inayomwezesha mwenye nyumba kumtumia dalali wa mnada mwenye leseni kushika mali ya mpangaji. Kwa bedsita siipendekezi. Ukishamlipa dalali wa mnada kwa ajili ya godoro, mtungi wa gesi na redio, hakuna kitakachokurudia.

Kabla ya hayo yote, mtume mtu amgongee mlango jioni, amuulize kwa upole kilichotokea. Wengi wanaokwepa simu wamepoteza kibarua na wanaona haya. Mimi nimewahi kumsamehe mpangaji kodi ya mwezi mmoja kwa maandishi, kwa sharti kwamba atahama kufikia tarehe fulani, na ikanigharimu kidogo kuliko kesi. Kwa wapangaji wanaofuata, chukua amana ya mwezi mmoja, andikeni mkataba hata kama ni wa ukurasa mmoja, mpige picha za kuta, sinki na soketi siku ya kuingia, na kodi ilipwe kwa M-Pesa au benki, wala si mkononi mwa msimamizi.

SWALI: Nimepata ploti Mwiki yenye vyumba kumi vyenye wapangaji, kwa bei nafuu sana. Muuzaji ana cheti cha hisa cha kampuni ya kununua ardhi, na anasema hati miliki itatoka karibuni. – Fundi, Mwiki

JIBU: Ndugu Fundi, hiyo "karibuni" nimeisikia kwa watu ambao watoto wao sasa wana watoto. Cheti cha hisa kinaonyesha una sehemu katika kampuni, lakini sajili ya ardhi inaweza kuwa na jina tofauti kabisa, na unafuu wa bei unatokana na hapo. Pata nambari ya ardhi kutoka kwa muuzaji, wakili wako afanye upekuzi kwenye Ardhisasa, mfumo wa kidijitali ulioanza kutumika Nairobi mwaka 2021, na aangalie kama kuna zuio au mkopo wa benki juu yake. Kama muuzaji ana mwenzi wa ndoa, idhini ya mwenzi huyo iwe ya maandishi.

Mwombe pia ramani ya jengo iliyoidhinishwa na kaunti, na upime kwa miguu yako umbali kutoka mtoni. Jengo la Huruma lililoporomoka Aprili 2016 na kuua watu wapatao 50 lilikuwa kando ya mto, na wapangaji walikuwa wakilipa kodi humo kama kawaida.

Akikuhimiza uweke kitu kidogo ili asimuuzie mwingine, mwambie amana itakaa katika akaunti ya wakili hadi upekuzi urudi. Upekuzi ukirudi na jina la mtu mwingine, utachukua pesa zako na kurudi kazini kwako.