Miche ya viriba kwenda kambi ya Laikipia: usishushe hilo lori bado

Usishushe hilo lori, mkuu. Umesema miche 400 ya viriba inatoka kitalu cha Nairobi Jumamosi kwenda kambi yako nje ya Nanyuki, na mshauri wa mazingira amekujazia fomu ya hatari ya sisimizi wageni akaipa alama "ndogo". Unauliza kama fomu imekaa sawa, miti gani ya kivuli inavumilia udongo mweusi, na mabomba ya matone yapitishwe wapi. Fomu haijakaa sawa hata kidogo, na miti ya kivuli isubiri hilo litatuliwe kwanza.

Kosa liko kwenye ule mstari wa "kasi ya kuenea". Ameandika mita 50 kwa mwaka, na namba hiyo ni ya kweli. Ndivyo sisimizi wa kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, wanavyosogea wenyewe huko Laikipia. Malkia wao haruki kwenda kuanzisha kundi mbali, anatoka kwa miguu na vibarua wake hadi shimo la jirani. Sasa fikiria: mdudu wa mwendo huo akiibuka kilomita 30 kutoka kundi la karibu, kafikaje? Amebebwa. Kwenye kiriba, samadi, kifusi, mbao, kreti za mboga. Kiriba kimoja chenye malkia, mabuu na vibarua wa kuwalisha kinatosha kuanzisha kundi. Usipime mwendo wa sisimizi, pima mwendo wa lori. Mstari huo ukiurekebisha, alama yote inapanda, maana wewe unaleta viriba 400 kwa siku moja.

Na kwenye madhara ameandika "kero ya jikoni". Hapa ndipo nakasirika kabisa, kwa sababu mtu amelipwa kuandika hivyo katika nchi ya migunga ya vifundo vyeusi, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma. Mgunga huo unalindwa na sisimizi wa asili, Crematogaster, wale wanaoinua mkia. Tembo akivuta tawi, wanamwingia puani na kumng'ata mpaka aache. Wageni wa kichwa kikubwa wakifika wanawaua walinzi hao na kula mayai na mabuu yao, mti unabaki bila mlinzi, na tembo wanavunja miti hiyo mara 5 hadi 7 kuliko sehemu ambazo hazijavamiwa. Utafiti wa Ol Pejeta, hifadhi ya wanyama huko Laikipia, uliochapishwa Januari 2024 ulifuata jambo hili hadi kwa simba: miti ikiisha, simba hana pa kujificha kumvizia pundamilia. Mwaka 2003 pundamilia walikuwa 67% ya mawindo ya simba, 2020 wakawa 42%, na nyati wakatoka 0% hadi 42%. Wageni wako wanalipa kuona wanyama hao hao.

Muuza miche naye atakwambia "hao ni sisimizi wa kawaida, nimeshapuliza". Kupuliza ndiko kunakoharibu kipimo. Dawa ya kugusa inaua walio juu ya udongo, malkia wako ndani kwenye mizizi na wanaendelea kutaga. Siku mbili tatu hakuna anayetembea, wewe unaweka chambo cha kuwatafuta, unapata sifuri, unapanda. Hiyo sifuri ni ya uongo. Na ukipuliza shambani, unaua pia sisimizi wa asili ambao wangewapinga wageni. Kiriba kilichopulizwa karibuni kirudishe kilikotoka.

Fanya hivi. Miche ishuke kwenye sakafu ya saruji karibu na geti, mbali na miti, juu ya meza ambazo kila mguu umesimama kwenye bati la maji ya sabuni. Ikae wiki mbili angalau. Kata vipande vya karatasi nyeupe ngumu, kila kimoja weka nusu kijiko cha chai cha siagi ya karanga na kipande cha soseji, karatasi moja kwa kila viriba vitano. Weka asubuhi kabla jua halijachoma au jioni, si siku ya mvua, angalia baada ya dakika 30 hadi 45. Rudia kabla wiki mbili hazijaisha.

Wenye kichwa kikubwa wanakuja kwa wingi, wadogo wa kama milimita 2, rangi ya kahawia. Usitegemee kuona kichwa kwenye chambo: askari ni wachache na wengi wanabaki ndani. Chukua viriba kadhaa, hasa vile ambavyo matundu ya chini yana vumbi laini lililosukumwa nje, zamisha kwenye karai mpaka maji yafunike udongo. Kama wamo, watapanda shina wamebeba mabuu meupe mdomoni, na kati yao utaona askari wenye kichwa kipana kilichopasuka katikati kama moyo. Weka kama 20 kwenye kichupa cha spiriti, andika tarehe na mahali, peleka sehemu ya wadudu ya Makumbusho ya Taifa wathibitishe.

Ukikuta kwenye shina vijia vilivyofunikwa udongo, usikimbilie kusema mchwa. Hawa nao hujenga hivyo, na watu wengi hutibu mchwa huku sisimizi wakiendelea.

Wakishaingia ardhini, kinachofanya kazi ni chambo cha sumu, punje za mahindi zenye mafuta ya soya na dawa ya hydramethylnon, kwa sababu kinaua polepole na vibarua wanawahi kumlisha malkia. Hakikisha kimesajiliwa na PCPB, bodi ya kudhibiti viuatilifu Kenya. Mwaga alasiri, ardhi ikiwa kavu, kwani jua linakiharibu haraka, na usikihifadhi karibu na petroli, wataikataa harufu. Kinaua sisimizi wa asili pia, kwa hiyo ni pale tu palipothibitishwa, kisha unakagua miaka miwili.

Mabomba ya matone hawa wanayatoboa, na unyevu ndio wanaoutafuta. Mpigie mwenye lori leo, si Ijumaa.