Changanyeni rumu, kalcha itajipa

Mhariri, mmeuliza wiki hii kama vyuo vya Nairobi vinachanganya vijana wa kila kabila ama kila mtu anajifungia na watu wa kwao. Mimi niko mwaka wa nne na jibu langu ni kwamba inategemea unalala wapi.

Ile wiki ya kalcha mnaijua, ya kila kabila kuonyesha utamaduni wake chuoni, mtu anakodi shanga, anaruka jukwaani, picha zinapigwa, jioni kila kikundi kinaenda kivyake. Sina ubaya nayo, chakula huwa tamu. Ila mimi sijawahi kumjua mtu kwa kumwangalia akicheza ngoma.

Mwaka wa kwanza kompyuta ilinitupa rumu moja na jamaa wa Garissa na mwingine wa Kisii, mimi Mkamba wa Makueni, na hakuna aliyeuliza jina la pili la mtu. Ramadhani ikafika. Saa kumi usiku koili inachemsha chai (koili ni haramu hosteli, janita akiiona imeenda), taa imewaka, mtu anakula daku na wewe una kati (mtihani mdogo) saa mbili asubuhi. Mkisii alilalamika wiki nzima, kufika ya pili anaamka mwenyewe bila kuitwa anakula anjera halafu anarudi kulala, na mwaka uliofuata ndiye alikuwa anauliza mwezi utaandama lini. Mamangu naye akipiga simu walikuwa wanamrukia na salamu ya Kikamba, "wi museo mwaitu", kabla hata sijaongea, na hadi leo anawaulizia.

Sasa siku hizi hosteli hazitoshi, wengi wanakodi bedsita huko Ngara ama Kahawa Wendani, na rumeti unamtafuta wapi? Kwa grupu ya WhatsApp ya kaunti. Fresha, yaani mwanafunzi mpya, anashuka basi anapokelewa na watu wa kwao, anakaa na wao, anapika na wao, miaka minne imeisha. Siwalaumu, hivyo vyama vya kaunti husaidia kweli, ukikosa fomu ya basari hao ndio watakuonyesha ofisi. Lakini uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi ukikaribia, wenyeviti wa hivyo vyama wanaitwa mahali wananunuliwa soda na kura zinagawanywa kama viazi. Sheria ya vyuo vikuu iliyorekebishwa 2016 ilileta wajumbe wachague viongozi badala ya kila komredi kupiga kura moja kwa moja, eti fujo na ukabila zipungue. Kwa maoni yangu kilichopungua ni idadi ya watu wa kununua.

Na kusema kweli pesa nayo inatutenganisha, tangu ule mpango mpya wa ufadhili wa 2023 watu wanaulizana bendi (kundi unalowekwa kulingana na uwezo wa familia) kabla ya kabila. Hiyo ni barua nyingine.

Mimi ningepewa ofisi ya kugawa rumu, fresha wote wangelala hosteli mwaka wa kwanza, kompyuta iwachanganye vile inataka, hata kama ni kubanana. Mwaka wa pili mtu aende ploti yake na rumeti wake. Najua mtaniambia vitanda hakuna. Basi waanze na hiyo bajeti ya wiki ya kalcha, ingawa nashuku itanunua godoro moja na mto.