Sura ipi iliyopita?

Mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniletea insha kuhusu volkano. Kurasa mbili, mwandiko safi, tahajia haina dosari. Katikati ya aya ya tatu nikakuta maneno haya: "kama tulivyoeleza katika sura iliyopita." Nikamwita. "Sura ipi hiyo?" Akainamisha kichwa. "Sijui, Mwalimu. Ndivyo ilivyoandikwa."

Kwa miaka mingi kosa hilo nililipa sifuri pamoja na mahubiri kuhusu wizi wa maandishi. Insha iliyofuata nayo ilikuwa ya kunakili, ila safari hii neno moja moja limebadilishwa. Siku hiyo ya insha ya volkano, labda kwa uchovu tu, nilimpa kitabu chenyewe nikamwambia anisomee aya moja kisha anieleze. Alisoma bila kujikwaa. Kueleza akashindwa. Hakujua kwamba magma ni mwamba ulioyeyuka chini ya ardhi, wala kwamba gesi iliyomo ndani yake ndiyo inayoisukuma hadi mlima ulipuke. Angeandikaje kwa maneno yake jambo ambalo hakulielewa?

Tangu hapo nikikuta insha ya kunakili nashuku usomaji kwanza, uvivu baadaye.

Mwaka 1988 watafiti Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi 64 wa rika la wanafunzi wangu kisa cha mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo walikielewa vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Mimi nilikuwa nikigawa mada thelathini kwa watoto thelathini, kila mmoja akahangaike peke yake na jambo asilolijua kabisa. Sasa darasa zima tunakaa na mada moja kwa wiki tatu. Nawasomea kwa sauti, tunachora, tunabishana, tunabandika ukutani maneno magumu. Utafiti unaanza wiki ya nne. Wenzangu huona napoteza muda, nami siwalaumu, maana kwa wiki tatu hizo daftari huwa karibu tupu.

Halafu swali. "Volkano" ni mada, na mada inanakilika. "Volkano ni nini?" nalo linanakilika, kwani jibu liko tayari kwenye ukurasa wa kwanza wa kitabu chochote. Natafuta swali ambalo hakuna ukurasa mmoja unaolimaliza. Mlima wa volkano wa Vesuvius, huko Italia, uliufukia mji wa Pompeii mwaka 79 baada ya Kristo, ukalipuka tena mara nyingi, mara ya mwisho mwaka 1944, na bado watu wamejaa chini yake. Kwa nini hawahami? Hapo mtoto hana budi kusoma kuhusu udongo wa majivu, kuhusu ajira, kuhusu historia, kisha aunganishe mwenyewe. Kupata swali la namna hiyo hutuchukua vipindi viwili vizima, na sijawahi kuvijutia.

Wakati wa kuandika dondoo nina sharti moja: huandiki kitabu kikiwa wazi. Unasoma aya, unafunga, unamsimulia jirani yako, ndipo unashika kalamu. Ukisahau tarakimu au jina, fungua uhakikishe, ufunge tena. Mwanzoni wananung'unika. Nasahihisha dondoo hizo kabla ya kuiona insha, kwa sababu kosa likigunduliwa kwenye dondoo linarekebishika kwa dakika tano. Kwenye insha iliyokamilika mtoto keshachoka, hataki hata kuitazama.

Upande wa intaneti, nawaonyesha tovuti ya tangu mwaka 1998 inayoeleza, kwa picha na kwa lugha ya kitaalamu, habari za pweza anayeishi juu ya miti huko Marekani. Ni mzaha mtupu, lakini kila mwaka wengi humhurumia pweza huyo anayedaiwa kuwa hatarini kutoweka. Zamani nilikuwa na orodha ya kukagua tovuti: mwandishi ametajwa? tarehe ipo? Pweza wetu angeweza kuzipita nyingi. Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo na wahakiki wa habari, yaani watu ambao kazi yao ni kuthibitisha ukweli wa habari. Wahakiki ndio waliofanya vizuri zaidi, nao hawakukawia kwenye tovuti yenyewe. Waliiacha mapema wakaenda kuangalia wengine wanasemaje kuihusu. Basi orodha nimeitupa. Nawafundisha kutoka.

Kuhusu uandishi wenyewe sina mengi. Kila rasimu nasahihisha jambo moja tu, na insha husomwa kwa sauti kabla ya kuletwa kwangu. Wino mwekundu kila mstari haujamfundisha mtu ninayemjua.

Siku hizi naulizwa sana kuhusu programu za akili mnemba zinazoandika insha nzima kwa sekunde chache. Nimeshazipokea, tena zimenyooka kuliko ile ya volkano. Nafanya kile kile: namwambia afunge kompyuta, akae, anieleze. Wengi hukwama kwenye sentensi ya pili, nasi tunarudi kwenye kusoma.