Mama Mlezi Anajibu: Kongamano la Neno chuoni, na Jumatatu yake

Wapendwa wasomaji, mwezi huu barua zenu karibu zote zinazunguka jambo moja, makongamano ya mafundisho ya Biblia na huduma kwenye vyuo vikuu vya kikanisa. Mi nimekuwa mlezi wa wanafunzi miaka mingi kwa hiyo hili jambo liko moyoni kwangu sana, naomba mnivumilie nikirefusha. Nimechagua barua tano.

Shikamoo Mama Mlezi. Mi ni mwenyekiti wa feloshipu, yani kikundi cha ibada cha wanafunzi, kwenye chuo kikuu kimoja cha kanisa. Kila mwaka tuna kongamano Ijumaa jioni mpaka Jumapili. Kamati inataka tualike mtumishi mwenye jina kubwa na tukodi vyombo, na hela yote inaishia hapo. Mi naona watu wanatoka wamechoka, sauti zimekauka, na hawajafundishwa kitu. Nikisema hivyo naambiwa napinga Roho. Nifanyeje? – Mwenyekiti, Arusha

Marahaba mwanangu. Pole kwanza, manake najua kikao kinavyokuwa ukishaambiwa neno hilo, mdomo unafungwa hapo hapo. Ila usinyamaze. Kikao kijacho nenda na Nehemia sura ya 8 uwasomee, wala usihubiri, soma tu. Watu wamekusanyika uwanjani mbele ya Lango la Maji, wao wenyewe ndo wanamwomba Ezra alete kitabu, anasoma tangu mapambazuko mpaka adhuhuri, watu wamesimama, alafu Walawi wanawaeleza mpaka wanaelewa. Kilio kikaja, furaha ikaja, tena wakaambiwa waende wakale vizuri na asiye na kitu apelekewe fungu lake. Kila kitu ambacho kamati yako inakitafuta kimo mle ndani, machozi yamo na shangwe imo, ila vyote vimekuja baada ya watu kusomewa na kueleweshwa.

Niliwahi kukaa kwenye kongamano moja, chuo sikitaji, mwalimu wa Neno alisafiri usiku kucha kwa basi kuja kufundisha Warumi. Kwaya zikapanda, zikaja kwaya wageni, likaja tangazo la harambee, likaja igizo, na mwalimu akapewa maiki saa kumi na moja kasoro jioni akaambiwa ana dakika ishirini kwa sababu wa mbali wanawahi gari. Akafungua Biblia, akasoma sura ya 8 yote bila kuongeza neno, akafunga, akakaa. Mi nililia, na sikulia kwa upako, niliona aibu.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Neno lipewe saa nzuri ya siku, yani asubuhi watu wakiwa na akili mbichi, sio lile fungu linalobaki. Chagueni kitabu kimoja kifupi mkimalize. Wafilipi ina sura 4 na aya 104 tu, ukiisoma kwa sauti haimalizi nusu saa. Yakobo ina sura 5. Mwalimu mtafuteni mapema, mpeni kitabu na sio "mada ya mwaka", na mchungaji wa chuo au mwalimu wa theolojia aliye hapo hapo kampasi mara nyingi anafundisha vizuri kuliko huyo wa mbali, sema hatumwiti kwa kuwa tunamwona kila siku kantini.

Alafu wagaweni watu makundi ya saba au nane wakae chini ya miti na karatasi iliyochapwa maandiko matupu, ifuteni namba za aya na vichwa vya habari, kila mtu na peni yake. Hili nimelifanya mwenyewe na sitalisahau. Tulikuwa chini ya mwarobaini tunasoma Filemoni, barua ya aya 25, kuna binti wa uhasibu hajawahi kufungua mdomo feloshipu tangu mwaka wa kwanza. Akapiga mstari pale Paulo anaposema kama Onesimo, yule mtumwa wa Filemoni, ana deni basi liandikwe kwake yeye Paulo. Akatuangalia akasema, "Sasa hapa si deni limehamishwa daftari?" Akaweka peni chini. Kundi zima likanyamaza, kuku wa mpishi wanapita katikati yetu hakuna anayewafukuza, na yule binti akaanza kueleza msalaba kwa lugha ya madaftari vizuri kuliko nilivyowahi kusikia mimbarini. Hakuna spika pale, hakuna kinanda, ila nenda kamuulize leo kama kuna sikukuu anayoikumbuka kuliko ile.

Sifa na kuabudu ziwepo, tena sana, mi napenda kuimba. Ila mkubaliane saa na msimamizi awe na ujasiri wa kuisimamia. Na ile hela ya vyombo ipunguzeni mnunulie Biblia wale wa mwaka wa kwanza wasio nazo.

Mama, nimepangiwa chuo kikuu cha kanisa na mi ni Muislamu. Nimesikia kuna ibada za katikati ya wiki na wiki nzima ya mafundisho ya Biblia kila semista. Je nitalazimishwa? – Binti wa Tanga

Karibu sana mwanangu na hongera kwa kupata nafasi. Vyuo vingi vya kikanisa hapa kwetu vinapokea wanafunzi wa dini zote, ila utaratibu haufanani, kuna vyuo masomo ya maadili ya Kikristo yamo kwenye kozi na utafanyia mtihani kama somo lingine lolote, na kuna vyuo ibada ni hiari kabisa. Soma maelekezo ya kujiunga mpaka ukurasa wa mwisho, alafu muulize mlezi wa wanafunzi uso kwa uso kabla hujalipa ada. Na nyie wa feloshipu mnaosoma hapa, mkimwona mgeni kama huyu mkaribisheni kama jirani, msimkabe mlangoni.

Bwana Yesu asifiwe Mama Mlezi. Niliona video za Asbury kule Marekani, wanafunzi walikaa kwenye ibada wiki mbili hawatoki. Sisi tunafunga, tunakesha, na kongamano linaisha watu wanarudi kwenye maisha yao. Mbona kwetu haitokei? – Mwenye kiu, Mbeya

Amina mwanangu. Tuliangalie lile jambo lenyewe lilivyokuwa, manake video zinaonyesha watu wamejaa tu, mwanzo wake hauonekani. Asbury ni chuo kikuu cha Kikristo kwenye mji mdogo unaitwa Wilmore, jimbo la Kentucky, mji wa watu kama elfu sita hivi. Tarehe 8 Februari 2023, siku ya Jumatano, kulikuwa na ibada ya kawaida ya chuo, ile ambayo wanafunzi wanatakiwa kuhudhuria na wengine wanakuja wamesinzia. Mhubiri alifundisha Warumi 12, habari ya pendo lisilo na unafiki, akamaliza, watu wakatawanyika waende madarasani. Wachache wakabaki wanaimba na kuomba. Mmoja akasimama akatubu mbele ya wenzake. Waliotoka wakasikia wakarudi. Ule ukumbi una viti chini ya elfu moja mia tano, na kabla mwezi haujaisha wageni zaidi ya elfu hamsini walikuwa wameshapita pale. Mle ukumbini hawakuweka maskrini wala hawakuwapa jukwaa wasemaji wenye majina, ukumbi ule ule na viti vile vile vya mbao. Na chuo chenyewe ndicho kilichosema sasa ibada za wazi zifungwe, wanafunzi warudi masomoni.

Sasa unaposema kwetu haitokei mi nakukatalia kwa upendo. Mwishoni mwa 1933 pale Gahini, Rwanda, kwenye misheni yenye hospitali, walifanya mkutano wa siku kadhaa, na ulionekana umeisha bila kitu cha ajabu. Kwenye maombi ya mwisho mtu mmoja akaanza kuungama, akafuata mwingine na mwingine, ikapita zaidi ya saa mbili. Toka hapo moto wa uamsho ukaenda Uganda, Burundi, Kongo, Tanganyika na Kenya. Hili neno "walokole" tunalotumia leo hata kwa utani limetoka huko, Kiganda, waliookolewa. Na Festo Kivengere, mwalimu kijana kutoka Kigezi, alikuja kufundisha sekondari Dodoma miaka ya 1940, akawa anafundisha darasani na kushuhudia nje ya darasa, baadaye ndo akaja kuwa askofu. Kwa hiyo hapa kwetu ilishatokea, tena bibi yako huenda aliimba Tukutendereza bila kujua hata neno moja la Kiganda.

Kinachonigusa ni kwamba Gahini na Asbury zote zilianza ratiba ikiwa imeisha. Hamna aliyepanga. Wewe huwezi kupanga hilo, ila Warumi 12 unaweza kuipanga, unaweza kupanga ukumbi usifungwe haraka na taa zisizimwe dakika ile ile mnaposema amina, na viongozi wasikimbilie kuhesabu sadaka wakati kuna kijana amebaki peke yake kwenye benchi la nyuma kainamisha kichwa. Kaa naye.

Mama Mlezi, binti yangu yuko mwaka wa pili. Tangu kongamano la mwaka jana anakesha Ijumaa, anafunga siku tatu tatu, anaamka alfajiri kuomba, na sasa ana sapu mbili, mitihani ya kurudia. Mama yake anasema nimuache ni mambo ya Mungu. Mimi nataka nimwamishe chuo. – Baba, Musoma

Pole baba. Naomba nikwambie habari moja kwanza kabla hujamwamisha. Mwaka 1941 pale Mukono, Uganda, kwenye chuo cha theolojia cha Bishop Tucker, kulikuwa na wanafunzi waliokuwa wanaamka mapema mno, saa kumi alfajiri, kuomba na kuhubiriana. Uongozi ukawakataza, hawakukubali, wakafukuzwa 26. Mmoja wao alikuwa William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi sana. Na chuo kile kile tangu 1997 ndo Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda, ambapo mafundisho ya Biblia yamo kwenye masomo ya kila mwanafunzi, na wiki ya misheni wanayo. Kwa hiyo mi binafsi naogopa sana kumfukuza mtu kwa sababu ya kuomba.

Lakini sapu mbili ni sapu mbili. Soma naye Matendo 20, yule kijana Eutiko aliyekaa dirishani wakati Paulo anafundisha mpaka usiku wa manane, usingizi ukamzidi akaanguka toka ghorofa ya tatu. Paulo hakumkemea kwamba ana roho ya usingizi, alishuka akamkumbatia. Mwili una mpaka na Mungu anaujua. Mpigie simu Jumapili mchana, usianze na matokeo, muulize anaomba nini. Unaweza kukuta kuna kitu kinamtesa, bumu, ile hela ya mkopo wa wanafunzi, halijatoka, au kuna mtu anamsumbua hosteli, au anaogopa kufeli na amegeuza mfungo kuwa kinga. Ukishamsikia ndo umwambie: alale usiku, aombe asubuhi nusu saa, mfungo usigongane na siku za testi, na amtafute mchungaji wa chuo. Na kama kuna kiongozi wa feloshipu anayemwambia kwamba kusoma ni kukosa imani, hapo usisubiri, piga simu chuoni siku hiyo hiyo.

Mama, kongamano lililopita mwalimu alifundisha Zakayo. Mi nilisimama mbele nikatubu, ila nilisema tu "dhambi zangu". Ukweli ni kwamba mwaka jana niliingia na karatasi kwenye mtihani wa somo moja nikapata B. Tangu siku hiyo silali. Mungu si ameshanisamehe? Lazima nimwambie mwalimu? – Mwaka wa tatu, Iringa

Mwanangu, ameshakusamehe, hilo usilitilie shaka hata usiku. Ila Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, hakusema samahani tu akaketi kula, alisema atarudisha mara nne.

Walokole wa zamani walijulikana kwa hili kuliko kwa nyimbo zao. Watu walirudisha ng'ombe, majembe, hela ya mwajiri. Mwaka fulani na sisi tulifundishwa hiyo Luka 19 siku ya Jumamosi. Jumatatu asubuhi mtunza maktaba alipofungua alikuta mfuko wa rambo mlangoni, ndani kuna vitabu saba vimefungwa na kipande cha khanga, kimoja kina mhuri wa miaka mitano nyuma. Hakukuwa na jina wala barua. Aliniita nikaja, tukavipanga mezani kimoja kimoja tukivifuta vumbi, na yeye hakuwa mtu wa kanisani sana ila alikaa kimya muda mrefu, alafu akaniuliza, "Mlifundisha nini Jumamosi?"

Wewe lako ni zito kuliko vitabu, sitakudanganya. Linaweza kwenda kwenye kamati ya nidhamu, wanaweza kulifuta somo ukalirudia, inaweza kuwa zaidi ya hapo. Ndo maana usiende peke yako na usiende kwa pupa ya machozi. Mtafute kwanza mchungaji wa chuo, mwambie yote, jina la somo, siku, karatasi ilivyokuwa. Soma sheria za mitihani za chuo chenu ujue unachoenda kukutana nacho. Waambie na wazazi wako kabla hawajasikia kwa mtu. Feloshipu nzima haihitaji kujua, hujawakosea wao. Alafu muombe mchungaji aende na wewe mpaka ofisini kwa mwalimu, na ukifika useme sentensi fupi tu: niliingia na karatasi, naomba radhi, niko tayari kwa utaratibu.

Nenda wiki hii. Na mi nitakuombea kila asubuhi mpaka nipate barua yako nyingine, niandikie ilivyokuwa, hata kama imekuwa vibaya.