Njia ya Mbugani kwa Vipande

SWALI: Assalamu alaykum. Mwanangu anasoma Marekani, katika jimbo la Kansas, na amenambia kwamba yeye na wenzake wataitembea njia iitwayo Flint Hills Trail, yenye urefu wa maili 117, kwa vipande, siku za Jumamosi tu. Je, mtu huhesabiwa kuwa ameimaliza njia hali ya kuwa kila jioni anarudi kulala kwake? Na huko nyikani hakuna hatari?
Mzazi, Wete, Pemba.

JIBU: Wa alaykum salaam, mzazi wetu. Huhesabiwa, bila ya shaka. Njia hiyo, inayoanzia Osawatomie upande wa mashariki na kumalizikia Herington upande wa magharibi, ni karibu mara tatu ya urefu wa Pemba nzima, na mwanafunzi hana pengine pa kuipatia nafasi ila Jumamosi zake. Zamani ilikuwa reli ya kampuni ya Missouri Pacific. Kwa kuwa treni haipandi mlima mkali, anayetembea juu ya tuta hilo naye hakutani na mwinuko wa kumkata pumzi.

Shida ya vipande, kwa maoni yangu, si miguu bali ni gari. Anayekwenda kilomita 15 peke yake hulazimika kuzirudi zizo hizo, na huko hakuna daladala ya kungojea njiani. Wakiwa na magari mawili, moja huachwa watakapomalizia, kisha wote wakapanda la pili hadi pale walipokomea Jumamosi iliyopita. Vipande navyo wavipange kwa kufuata miji, kama Ottawa, Osage City na Council Grove, wala wasigawe maili sawasawa kwenye karatasi.

Upande wa mashariki njia hupita kwenye miti, karibu na mto Marais des Cygnes. Kuelekea magharibi miti hupungua, na huanza vilima ambavyo jembe halikuviweza kwa sababu ya mawe yaliyo karibu na uso wa ardhi. Ndiyo maana nyasi zake za asili zimesalia, na kufika Septemba nyengine humpita mtu kimo. Kivuli ni haba, basi maji wayachukue ya kutosha tangu asubuhi.

Kuhusu hatari, mimi naikhofia zaidi radi ya Mei na Juni, kwani uwandani mtu ndiye kitu kirefu. Kupe nao wapo: suruali ichomekwe ndani ya soksi, na jioni ajikague nyuma ya magoti na kiunoni. Machi na Aprili wafugaji huzichoma mbuga kwa makusudi, ili ng'ombe wapate majani machanga na vichaka visiote, kwa hivyo miezi hiyo watembee upande wa mashariki, au waulize kwanza.

Kila Ijumaa aache majina ya pahala watakapoanzia na watakapomalizia kwa mwenzao anayebaki chuoni, ambaye ataweza kuomba msaada wakichelewa, na nakala akuletee wewe Wete.