Wasomaji wanauliza: Madiwani wa Chicago walikuwa wapi?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mimi natokea Tanga ila sasa naishi Chicago. Kazini watu bado wanaongelea ile ishu ya kijana Laquan McDonald na mkuu wa polisi aliyefukuzwa, na kila anayeongea ni meya, meya, meya tu. Jiji lina madiwani 50, hao walikuwa wapi? Kwetu najua diwani hana sauti kwa RPC, yaani kamanda wa polisi wa mkoa, na huku ni hivyohivyo? Na mgeni kama mimi nisiye na kura nifanye nini?

JIBU: Marahaba ndugu yetu. Haifanani kabisa, na ndo maana ukimya wao unaniuma mpaka leo. Huku kwetu RPC anapangwa na IGP, mkuu wa polisi wa nchi nzima, diwani atalalamika kikaoni mpaka koo likauke lakini kamanda siye wake. Chicago polisi ni wa jiji. Meya anamteua mkuu wa polisi, baraza la madiwani linamthibitisha, bajeti ya polisi inapita mikononi mwao, na polisi wakiua mtu familia ikadai, fidia kubwa haitoki mpaka wao wapige kura. Hapo kwenye fidia ndo pa kuwashika.

Angalia ilivyokwenda. Tarehe 20 Oktoba 2014 askari Jason Van Dyke alimpiga Laquan risasi 16, kijana wa miaka 17, alikuwa na kisu kidogo. Upande wa polisi ukasema aliwafuata na kisu. Kumbe kamera ya gari la polisi imerekodi kila kitu, kijana anatembea anaondoka zake, anaanguka na bado risasi zinaendelea. Februari 2015 mwandishi Jamie Kalven akaandika kuhusu ripoti ya uchunguzi wa maiti, majeraha ya risasi 16, kwahiyo kuanzia hapo hakuna diwani wa kusema hakusikia. Tarehe 7 Aprili Rahm Emanuel akashinda tena umeya kwenye duru ya pili ya uchaguzi, na siku nane baadaye, yaani nane tu, baraza likapitisha fidia ya dola milioni 5 kwa familia ambayo hata kesi ilikuwa haijafungua. Kura 47 kwa sifuri. Wakili wa jiji alikuwa ameshaiambia kamati ya fedha kwamba video ipo, na bado wakapitisha bila kuiona.

Kwahiyo mimi sikubali neno walinyamaza kwa kutojua. Walinyoosha mikono. Mtu anayekulipa milioni 5 kabla hujafika mahakamani anajua kuna kitu kibaya ndani, na ukishajua kuna kitu kibaya halafu ukauchuna miezi saba, huo ukimya ni uamuzi wako na una jina lako kwenye kumbukumbu za kikao.

Sababu kwa maoni yangu ni mbili kubwa. Diwani anamtegemea meya ili kata yake ihudumiwe na ili apate msaada wakati wa kampeni, kumgusa mkuu wa polisi Garry McCarthy ilikuwa ni kumgusa meya aliyemweka. Halafu askari wa Chicago wanalazimika kuishi ndani ya jiji, sasa kuna kata za pembezoni zimejaa familia za polisi na hizo ni kura. Niwe mkweli pia, madiwani weusi walitoka hadharani Oktoba 2015 kutaka McCarthy aondolewe, lakini hoja yao ilikuwa uhalifu kuongezeka na watu weusi kutopandishwa vyeo.

Video ilitoka 24 Novemba 2015 kwa amri ya jaji, na 1 Desemba McCarthy akafukuzwa. Ghafla kila mwanasiasa akapata sauti! Hilo ndo linanikera kuliko yote maana kumtoa mtu mmoja kuliwapa wengine nafasi ya kupumua, na Aprili 2016 baraza hilohilo likabadilisha utaratibu kwa kura 50 kwa sifuri ili meya amweke Eddie Johnson kuwa mkuu wa polisi, mtu ambaye hata hakuwa kwenye majina matatu yaliyopendekezwa na bodi ya polisi.

Kuhusu wewe, kura huna lakini mdomo unao. Tangu 2023 kila wilaya ya polisi, ziko 22, ina baraza dogo la watu watatu waliochaguliwa na wakazi, vikao vyao viko wazi kwa yeyote. Nenda. Kura za madiwani nazo ziko wazi kwenye tovuti ya karani wa jiji, tafuta wa kata yako alivyopiga kwenye fidia za polisi halafu muulize mbele za watu: ushahidi uliuona kabla ya kunyoosha mkono?

SWALI: Yule askari alifungwa au aliachiwa? Msomaji, Mombasa.

JIBU: Alifungwa. Alishtakiwa siku ileile video ilipotoka, zaidi ya mwaka baada ya tukio, akatiwa hatiani Oktoba 2018, akapewa miaka 6 na miezi 9, akatoka Februari 2022. Askari wengine watatu walioshtakiwa kwa kupanga kuficha ukweli kwenye ripoti waliachiwa huru na jaji Januari 2019.